Tamko Lililotangulia Mkutano

Jumatatu, 3 Machi 1997

Mtaa wa Levolosi, kutuma faksi gazetini kutoka duka la uchapaji la Anande. Ana kompyuta mbili sasa, na foleni. Mezani kuna karatasi za mkutano wa kesho — wakuu wa nchi wanakutana kuamua kama mipaka ifungwe dhidi ya jirani ambaye jeshi lake limepindua serikali. Mashine ya sekretarieti imegoma, kazi wameileta kwake.

Akanisukumia ukurasa mmoja. ‘Kaka, hebu niangalizie herufi.’

‘Baada ya majadiliano ya kina yaliyochukua saa ......, viongozi wameamua kwa kauli moja kuifunga mipaka.’ Saa wameziacha wazi. Uamuzi hawakuuacha wazi!

Nikamwambia nitaiandika gazetini. Akacheka: ulidhani nimekupa ufungie maandazi?

Jumanne, 4 Machi

Mlango ulifungwa saa 4:12 asubuhi. Ukafunguliwa 4:50. Wataalamu walioandika ripoti ya athari kwa miezi mitatu hawakuitwa ndani. Mmoja alikuwa bado anapanga nakala zake kwenye benchi viongozi walipompita kwenda kupigwa picha. Kisha msafara wa mbugani Momela kuangalia twiga, chakula cha mchana, kurudi. Saa 9:12 tamko likasomwa. ‘Saa tano.’ Ukiwahesabu na twiga, ni kweli.

Nimetuma habari: dakika arobaini, na tamko lililochapwa tangu jana. Duka sikulitaja.

Jumatano, 5 Machi

Imetoka ukurasa wa kwanza.

Kijijini Kikatiti, kwa Mzee Solomoni, balozi mstaafu. Nimemkuta anapunguza majani ya migomba. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza nani hasa aliamua.

‘Mwanangu, mkutano ni wa kutangaza. Kuamua ni kwenye simu.’ Enzi zake, anasema, rais mmoja alimpigia wa pili: wafadhili watatuonaje tukikaa kimya? Wa pili akampigia wa tatu: wenzako wawili tumeshakubali. ‘Hakuna aliyeulizwa kama ni busara. Kila mmoja aliulizwa kama yuko tayari kubaki peke yake.’

Na wataalamu?

‘Wanatafuta sababu. Mimi nimezitafuta miaka kumi na saba.’

Alhamisi, 6 Machi

Rodrick, ofisa habari wa mkutano, kaniita. Mpole. Soda baridi. Anataka kanusho kesho, na jina la aliyenionyesha tamko. Nisipotoa, kitambulisho changu cha kuingia ukumbini kinafutwa. Na duka lililochapa, ambalo sekretarieti hawajathubutu kumtajia, atalifunga, liwe la nani.

‘Bwana Meitamei, miaka ishirini kwenye kazi hii. Usijiharibie.’

Ishirini na miwili, nikamwambia.

‘Habari yako ina makosa!’

Nimerudi kupitia daftari, mstari kwa mstari. Kweli. Habari ina kosa moja.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa kwanza, ndani ya fremu:

‘Sahihisho. Tuliandika kuwa viongozi walijadiliana kwa dakika arobaini. Zilikuwa thelathini na nane. Tunaomba radhi kwa kuwazidishia.’

Stanley, mhariri wangu, alitaka nimsomee mara mbili kwenye simu jana. Utanifungisha gazeti, mzee. Halafu: ‘Tuweke herufi nene?’

Saa tatu asubuhi kitambulisho kimechukuliwa langoni. Sawa. Hata nje ya lango watu wanaongea.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa tena kwa Rodrick, saa nne, ghorofa ya pili. Jina, au polisi. Jina sitoi. Nimekuja na mswaki mfukoni.

Chini ya ngazi — Anande! Suti ya kanisani, mkoba kwapani.

Nikamwambia arudi, hakuna anayemjua.

‘Ndiyo maana nimekuja. Wewe ukinyamaza, siku wakinijua wataniita mwizi wa nyaraka. Karatasi walileta wenyewe, mchana kweupe, mbele ya wateja. Mimi niogope nini?’

Watakufungia duka.

‘Nipishe, kaka.’

Amepanda bila kunisubiri. Naandika haya nimeegemea ukuta, ngazi ya tatu. Nawasikia juu. Rodrick anamwambia hana miadi, aje kesho. Anande anamjibu kwamba duka leo amelifunga mwenyewe, kwa hiyo ana siku nzima.