Kipindi cha Marehemu Nimekikana

Mpendwa Mama Shadia, naomba unisaidie, maana hata kupita mwaloni, pale tunaposhushia samaki, naona aibu. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi hapa Ilagala, kiti nilikipata baada ya mwenyekiti wetu Martini kufariki akiwa na miezi mitano tu madarakani, nikamalizia kipindi chake, miaka miwili na miezi saba, halafu nikachaguliwa kwa miaka mitatu ambayo inaisha mwezi huu, na katiba yetu inaruhusu vipindi viwili tu, sasa nimechukua fomu tena nikawaambia wanachama mkutanoni kile cha kwanza kilikuwa cha marehemu, mimi nilikuwa nashikilia tu, bado nina kimoja. Mzee Bonifasi akauliza katiba inasemaje, nikajibu nakala imeliwa na mchwa, uongo mtupu Mama, iko chini ya godoro langu na imeandikwa wazi kwamba anayemalizia zaidi ya nusu ya kipindi anahesabiwa kipindi kizima. Ndipo akasimama mjane wa Martini, Mama Eufrasia, akasema taratibu, "Baba, kama kilikuwa cha mume wangu, mbona zile chanja za kuanikia dagaa zilizojengwa wakati ule umeziandika jina lako?" Nikajifanya simu inaita, nikatoka. Uchaguzi ni Jumamosi, wengi bado wananitaka, nikijitoa watasema nimekimbia, nikibaki siwezi kumtazama yule mama usoni. Nifanyeje?

Mwenye Aibu, Ilagala

Mwenye Aibu, pole, ila pole yangu ni fupi. Sifa za kipindi kile ulizibeba zote, ilipofika kuhesabu ukamtupia marehemu! Huoni haya? Tena unaniuliza jambo ambalo jibu lake unalo chumbani kwako. Miaka miwili na miezi saba katika mitatu ni zaidi ya nusu, hata mtoto wa darasa la pili atakwambia. Vipindi vyako vimekwisha, baba.

Unaogopa kuambiwa umekimbia, na ile simu je? Hata hivyo aibu uliyonayo ni dalili kwamba hujaharibika kabisa.

Kesho nenda kwa Mama Eufrasia. Usibebe sukari wala kitenge, nenda kaombe radhi. Jumamosi, kabla kura hazijapigwa, simama na katiba mkononi, soma kifungu hicho kwa sauti, sema "niliwadanganya", kisha jitoe. Usijitetee, na usiwapendekezee mtu. Wakizomea, vumilia. Halafu nenda kapange foleni na wenzako, upige kura yako moja.