Swichi Chini ya Benchi

Caleta Vieja, 14 Julai

Mpendwa dada yangu Yadira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Murcia, na kwamba mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuchuma ndimu umepata nafuu. Sisi hatujambo kiasi. Mama anakula. Mimi pia nakula.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inasomwa na kila anayepita sebuleni, na kwa sababu Bibi Tula anasafiri Alhamisi na amekubali kukuletea bila kuuliza maswali. Jana kwenye simu uliniuliza kwa nini kisanduku cha kufuatilia hakikuonyesha boti ya baba ilipokuwa, nami nikampa mama simu. Jibu ni hili, na hakuna mtu mwingine niliyemwambia. Kisanduku kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyekinyamazisha. Niliweka swichi ya siri chini ya benchi, kwa mikono yangu, huku baba akinishikia tochi.

Nianze mbali kidogo, maana wewe uliondoka kabla ya mambo haya. Nilipomaliza shule mwezi wa pili, mjomba Wilmer alimwambia mama kwamba msichana aliyesoma umeme miaka mitatu hawezi kukaa kumenya kamba. Wakati huo maharamia walikuwa wamenyang'anya mashine za boti saba tangu Krismasi, na chama cha wavuvi kiliamua kwamba kila boti ifungwe kisanduku cha kufuatilia, na king'ora. Mjomba akapata kazi hiyo, akanichukua nimsaidie. Boti thelathini na moja, dada. Mjomba alikuwa akiongea na watu, mimi nikifunga waya. Mpango huo ulinifaa sana. Wanaume walikuwa wakisimama mchangani kunitazama na kumuuliza mjomba kama ameleta fundi au mtawa, mbona hata salamu haitoki. Mzee Segundo Quijije alisema yeye anapenda mafundi wa namna hiyo, mke wake angeongea kidogo hivyo, yeye angekuwa tajiri wa usingizi. Nilicheka ndani kwa ndani, nikaendelea kukaza skrubu.

Kisanduku chenyewe ni kidogo, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Tunakificha mbele, chini ya sitaha, mahali ambapo hakuna chuma juu yake, kwa sababu kinahitaji kuona anga. Kinapata umeme kutoka betri kubwa ya boti kupitia fyuzi. Waya mwingine mwembamba unazunguka kwenye shingo ya mashine. Mtu akiukata, king'ora kinalia. Na ndani ya kisanduku mna betri yake ndogo. Hiyo ndiyo ya maana kuliko vyote. Wezi wakichukua betri kubwa, ile ndogo inaendelea kutuma mahali boti ilipo kwa siku tatu nzima. Boti zote zinaonekana kama nukta kwenye simu moja iliyokuwa inakaa kwa katibu wa chama, juu ya kaunta, mtu yeyote anaweza kuingia na kuitazama.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Unamjua baba na mwamba wake wa samaki. Hakuwahi kumwambia mtu ulipo, hata mama, hata wewe ulipokuwa unamwomba ukiwa mdogo. Wiki ya kwanza baada ya kufunga kisanduku alikaa siku nne bila kwenda kule. Siku ya tano akanikuta nyuma ya nyumba ninasafisha koleo, akakaa kwenye ndoo. Akasema, "Hiyo nukta yako, mwanangu, ni umbea mtupu. Segundo ataniona akiwa kitandani na uji mkononi. Kesho yake nakuta boti kumi na mbili juu ya mwamba wangu, na wote wananisalimia." Akaniomba nimwekee swichi ya kuzima, mahali ambapo hata mjomba hawezi kuiona. Nilimwambia chama kimekataza. Akasema chama hakijui kuvua. Akasema pia kwamba hakuna mtu mwingine angeweza kumfanyia, na hilo lilikuwa kweli, na mimi sikuwahi kufanyiwa heshima kama ile. Nikaweka.

Mara ya kwanza nilikata umeme wa betri kubwa tu. Baba akaenda, akazima, akarudi, akaambiwa na katibu kwamba siku hiyo alifika mbali. Alikuja nyumbani anacheka, akasema mbea bado anasema. Ilikuwa ile betri ndogo, inafanya kazi yake. Basi nikafungua kisanduku, nikakata waya mwekundu wa betri ndogo, nikaukunja pembeni na kuufunga kwa utepe. Kuanzia hapo kikawa kinategemea betri kubwa peke yake.

Nilimwambia, dada. Nataka uamini kwamba nilimwambia. Ilikuwa asubuhi, wanasukuma boti majini, na Gualberto, yule jirani aliyekuwa anavua naye, amekwisha kuwasha mashine. Nikasema, "Baba, betri kubwa ikiondoka, hiki kitakufa hata ukiwasha swichi." Nilisema kwa sauti yangu ile unayoijua. Baba akainua kidole gumba. Gualberto naye alikuwa anamuuliza kitu kuhusu petroli wakati huohuo. Sijui kidole kile kilikuwa kinamjibu nani. Ningeweza kuingia majini hatua nne nikarudia. Wanaume walikuwa wengi pale, wananitazama, nikabeba sanduku langu la vifaa nikaenda kunywa supu ya jodari na mjomba.

Jumatatu ya tarehe mbili Juni baba na Gualberto waliondoka alfajiri. Nukta ilisimama saa tatu asubuhi, maili kumi na nane kutoka hapa. Jumanne hawakurudi. Boti kumi na tisa zilikwenda kutafuta, na askari wa bandari wakaleta ndege, na wote walizunguka pale nukta iliposimama, kwa sababu mjomba aliapa mbele ya watu kwamba betri ndogo haikosei. Mimi tu ndiye niliyejua kwamba pale baba alizima tu na kuendelea na safari. Sikujua ameendelea upande gani, lakini nilijua hayupo pale.

Jumatano nilikwenda hadi mlango wa chama niwaambie. Mlikuwa na watu arobaini wanabishana juu ya ramani. Katibu akaniona akauliza, "Unataka nini, binti?" Nikasema nimemletea mjomba kahawa. Sikuwa na kahawa. Akasema hayupo, nikarudi nyumbani. Alhamisi sikwenda. Nilijiambia baba aliniamini nisiseme, na kwamba akirudi na samaki akakuta nimeutoa mwamba wake hadharani, hataniangalia tena. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiria, dada. Sina maneno mazuri zaidi.

Mama alikusimulia kwamba Gualberto aliokotwa siku ya tisa na meli ya jodari, na kwamba baba alifariki siku ya saba na Gualberto akamtelemsha majini na sala. Hakukueleza yote kwa sababu aliona hutalala. Siku ya mwisho ya novena, zile sala za siku tisa za kumwombea baba, Gualberto alikuwa ametoka hospitali. Tulikuwa tumelaza shati la baba jeupe na kofia yake juu ya meza, na nyumba ilikuwa imejaa hadi barazani. Alisimama akishikwa na mkewe, akasimulia.

Alisema maharamia waliwakuta juu ya mwamba mchana kweupe. Walichukua mashine zote mbili, petroli, simu, na betri. Walipoondoka, yeye alitaka watengeneze tanga kwa turubai, maana upepo ulikuwa unaelekea pwani. Baba akakataa. Baba aliinua benchi, akawasha kitu pale chini, akakaa, akasema, "Tulia, Gualberto. Binti yangu kakifunga kile kitu mwenyewe. Tukae palepale watukute." Wakatia nanga juu ya mwamba wakasubiri. Walisubiri siku tatu. Gualberto anasema baba alikuwa anamtuliza, anamwambia kesho asubuhi, anamwambia mimi ni msichana nisiyesema lakini nikikaza kitu kimekazwa. Siku ya nne kamba ya nanga ilikatika, na upepo ulikuwa umegeuka unaelekea bahari kuu.

Watu wote walinigeukia, dada. Walinitazama kwa huruma. Gualberto akasema nisione vibaya, kosa ni la waliotengeneza kisanduku. Mama akanishika mkono. Nilitazama shati la baba nikahesabu vifungo vyake, vilikuwa sita. Sikulia wala sijalia mpaka leo. Wanawake wanasema nimeshtuka na itakuja. Labda. Mimi najisikia kama mkono uliolaliwa.

Sasa kila mtu anasema visanduku vya mjomba ni takataka. Alisimama chamani akasema yeye ndiye aliyevichagua, kosa ni lake. Wamemrudishia ile simu ya nukta wakisema akaitundike jikoni. Kila nikienda kwake namkuta amefungua kisanduku cha akiba juu ya meza, anapima kwa mita, anaandika namba, anapima tena. Ananiuliza kama fyuzi ya baba niliikaza. Namwambia niliikaza. Anasema basi itakuwa unyevu.

Na kuna jambo la mwisho. Baba hakuwa peke yake. Baada yake, Mzee Segundo na Cirilo Mero walikuja kwangu kila mmoja kwa siri yake, hawakuwa wameambiana, wakataka swichi kama ile. Niliwawekea wote wawili, na kukata waya mwekundu, kwa namna ileile. Mpaka wiki iliyopita walikuwa wanakwenda baharini hivyo.

Jumanne na Jumatano asubuhi nilikwenda kwao na sanduku la vifaa, nikasema mjomba amenituma kubadilisha fyuzi. Nikaunganisha tena betri ndogo, nikalehemu, nikaziba kwa silikoni. Swichi nimeiacha mahali pake, inabonyezeka na kulia kama zamani, ila haijaunganishwa na kitu. Mzee Segundo alisimama juu yangu akisema, "Usije ukaharibu kifunga-mdomo changu, we mtawa, mimi bado nina siri za kutunza." Nikamwambia nimekagua, kiko sawa. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nilisema kwa sauti na alinisikia mara ya kwanza.

Ile simu iko kwenye droo ya jikoni kwa mjomba na hakuna anayeitazama isipokuwa mimi. Naichaji. Alhamisi Mzee Segundo alipita pale anapozima, nukta ikaendelea, ikageuka kusini, ikasimama saa tano nzima mahali pamoja. Ijumaa Cirilo akaenda kwa njia nyingine kabisa, akasimama palepale. Wanavua mwamba mmoja, dada, kila mmoja anadhani ni wake. Sijui kama ndio wa baba. Gualberto angejua nikimwonyesha, lakini sijamwonyesha. Nimekuwa nikiitazama tu sehemu ile hata siku ambazo hakuna boti juu yake.

Nikisema ukweli, mjomba atasafishika jina. Lakini Segundo na Cirilo watajua nukta zao zinaonekana, watang'oa kila kitu kabla ya jua kutua, na wengine watafuata. Najiambia ndiyo sababu ninanyamaza. Huenda ni uoga uleule wa mlangoni pa chama. Siwezi tena kuvitofautisha.

Kwa hiyo nakuomba, usimwambie mama, wala mjomba, wala mumeo, wala padri wa huko. Usinijibu kwa maandishi. Ukipiga simu Jumapili, niulize tu kama nimekula.

Mama anakusalimu, na watoto wa mjomba wanaulizia ile mipira. Mbusu mwanao Thiago kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Jamileth