Kinyago cha Karatasi

Jumatatu, 19 Mei 2025

Boksi la karatasi limefika shuleni kwetu. Rangi zote, gundi, mikasi ya ncha butu. Coordenador Délcio, mratibu wetu, kalileta mwenyewe mpaka hapa Palma, pamoja na maelekezo ya mradi: kila nchi na kitu chake cha karatasi. Japani pepeo, China taa, Meksiko kofia pana. Nikauliza, na sisi? Kasema ya kwao watoto wanayajua tayari. Wanayajua! Nusu yao wamezaliwa ukimbizini.

Jumatano, 21 Mei

Pepeo za Japani. Unakunja mbele, unakunja nyuma, chini unafunga uzi. Kwa vidole vile vidogo — tabu. Ya Nazir imetoka imepinda kama kuti lililokanyagwa. Rosalina, mwalimu mwenzangu, kamwambia hata Wajapani wangeigombea. Tumecheka mpaka watoto wakatushangaa.

Bila Rosalina kazi hii ningeshaiacha. Yeye wa Mueda, kule bara, Mmakonde, Mkristo. Mimi wa hapa hapa pwani. Mwaka ule wa vita tulikimbia pamoja mpaka kijiji cha Quitunda, tukalala mkeka mmoja.

Ijumaa, 23 Mei

Rosalina kaamua bila kuuliza mtu. Kasema kama ni dunia, hata Mueda imo duniani. Kachukua cartolina, ile karatasi ngumu, katoboa macho, kabandika nywele za katani: vinyago vya mapiko, ngoma ya kwao. Zamani, kasema, mwanamke hakuruhusiwa hata kuvigusa. Babu yake angemfukuza nyumbani.

Watoto wakavaa, wakapiga madebe, wakacheza mpaka jasho. Laila, yule mtoto asiyesema neno tangu aletwe, kapiga kelele nyuma ya kinyago chake. Kelele za furaha. Nikatoka nje nijifute macho.

Jumatatu, 26 Mei

Nazir alikwenda na kinyago chake kwao, akacheza mbele ya bibi yake naye yuko kwenye swala. Asubuhi baba yake kaja — Suleimane, yule muuza samaki. Hakufoka. Kasema sanamu hazitaki nyumbani kwake, mtoto asirudi tena na kitu kile. Rosalina kamwomba radhi, kasema swala haikumjia akilini. Suleimane kaitikia, kaenda zake.

Nikadhani limekwisha. Lakini Délcio alikuwa barazani, kasikia yote.

Jumanne, 27 Mei

Délcio kaniita peke yangu. Wageni wa mradi wanakuja Ijumaa na yeye hataki maneno ya dini. Vinyago vichomwe. Rosalina akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Nikauliza mambo gani. Kasema mimi ni mwenyeji, watu wananisikiliza, kwa hiyo nitashika madarasa yote mawili.

Nikanyamaza.

Si kwamba nilikosa la kusema. Nilikuwa nalo. Nikanyamaza.

Vinyago nimevichoma mimi, nyuma ya choo. Cha Laila hakikutaka kushika moto, nikakichochea na kijiti.

Ijumaa, 30 Mei

Wageni wamekuja. Watoto wakajipepea kwa pepeo, wakavaa kofia za Meksiko. Makofi, picha. Mgeni mmoja, mama wa makamo, kainama kwa Laila, kamuuliza jina lake. Laila kamtazama tu. Karudi kulekule kwenye ukimya wake. Délcio kasema ana haya. Yule mama kauliza, na cha hapa kwenu kiko wapi? Délcio kasema kinaandaliwa. Kanigeukia mimi, nami nikatabasamu. Nilitabasamu!

Alasiri nimepita kwa Rosalina. Alikuwa anapukuchua mahindi. Kanisogezea kigoda, tukapukuchua pamoja. Nilipoinuka ndipo kasema:

"Ungesema neno moja tu, Alima. Hata kama lisingesaidia."

Jumatatu, 2 Juni

Nazir kagoma kuingia. Kang'ang'ania mlango, anamtaka tia wake, shangazi Rosalina. Suleimane kaniuliza yuko wapi. Kabla sijafungua mdomo Délcio katokea, kasema mwalimu yule kaomba kuacha mwenyewe, ana mgonjwa Mueda.

Suleimane kasema jana kamwona sokoni. Na sokoni wanasema kafukuzwa kwa ajili yake, Suleimane. Watu wa bara wanapita meza yake ya samaki kama hawaioni.

"Mimi nilisema kitu kile kisije kwangu," kasema. "Nilisema mtu afukuzwe?"

Délcio kanitazama. Kwa Kireno, taratibu, kaniambia nimweleze huyu baba kwamba Rosalina kaondoka kwa hiari yake. Suleimane hajui Kireno, lakini uso anaujua kuusoma.

"Dada Alima," kasema, "niambie wewe. Nani kamtoa?"

Nikasema nawaweka watoto kwanza, nakuja.

Nimewaweka. Wanakata karatasi za taa za China. Nimekaa kwenye kiti chao, magoti kifuani, naandika. Dirishani nawaona Délcio na Suleimane wamesimama mbali mbali. Nazir kakaa mchangani kati yao. Rosalina anakaa mtaa wa pili tu, sauti za watoto zinamfikia.

Délcio anaita jina langu. Suleimane haiti, ananingoja tu. Nimesimama. Nimekaa tena. Laila kaacha mkasi wake, ananitazama mimi —