Zulia Lililolowa Upande wa Hooyo

Garissa, Jumamosi, baada ya Alasiri.

Mvua imekata tangu jana na jua limerudi na hasira zake zote. Zulia la gari nimelianika juu ya ukuta wa ua na linanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Mimi nimekaa kwenye kivuli cha nyumba, kucha zimejaa tope, na nina jambo la kukiri.

Kwa wiki tatu nimemsingizia mama yangu mzazi.

Ilianza na mvua za kwanza. Kila Jumapili humpeleka Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, hadi Madogo, ng'ambo ya daraja, kumwona mdogo wake ambaye siku hizi hawezi kutembea. Hooyo hukaa kiti cha mbele, kushoto. Popote aendapo hubeba birika lake la kijani la plastiki, limejaa maji ya kutawadha, akaliweka katikati ya miguu. Haamini maji ya nyumba za watu, hata ya ndugu yake. Jumapili ile zulia la upande wake lilikuwa chepechepe. Tulipofika nikasema, mbele ya mama mdogo na wanawake wote waliokuja kunywa chai, "Hooyo, birika lako linavuja. Umeniharibia gari, linanuka!"

Nilikuwa nacheka. Wengine nao wakacheka. Hooyo akavuta shungi lake.

Jumapili iliyofuata hakwenda, alisema magoti yanamuuma. Iliyofuata tena, magoti. Mama mdogo akapiga simu kuuliza amemkosea nini. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo kwamba sasa gari litakauka.

Halikukauka. Juzi ilinyesha nikiwa darasani, na nilipotoka zulia lilikuwa limelowa tena, palepale.

Na Hooyo hakuwa amekanyaga gari hilo karibu wiki tatu.

Fundi wangu, mtu wa Mwingi, alinijibu kwa simu tu. "Mwalimu, usikimbilie kuziba kwa silikoni. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji polepole, sehemu moja moja. Utaona yanaingilia wapi."

Leo nyumbani tulikuwa wawili tu, kwa hiyo nikamwomba Hooyo amwage. Akaja na birika la kijani. Nikajikunja mahali pa miguu yake, tochi ya simu mkononi, kichwa chini ya dashibodi. Nikamsikia huko nje, "Bismillahi," akimwagia ukingo wa mlango. Kavu. Akamwagia paa. Kavu. Alipofika chini ya kioo cha mbele, penye waipa, tone likaniangukia shavuni, kisha jingine. Yalikuwa yanatoka kwenye feni ya hewa.

Nikatoka, nikafungua ile plastiki iliyo chini ya waipa. Ndani kulikuwa na majani ya mti wa mathenge, yale madogo madogo, yameshindiliwa kama majani ya chai chini ya sufuria. Kiangazi chote mimi hufika shuleni kabla ya walimu wenzangu ili niegeshe chini ya mathenge, kwenye kivuli kizuri. Majani yakaziba tundu la kutolea maji, na mvua ilipokuja maji yakakosa pa kwenda, yakaingia kwa feni. Tuliyachokoa kwa vidole na kipande cha waya. Hooyo alipomwaga tena, maji yote yalitoka chini, nyuma ya gurudumu, na ndani hapakudondoka kitu.

"Hooyo, si birika," nikasema.

"Najua si birika." Alijibu kwa Kisomali, polepole. "Siku ile tuliporudi nililijaza maji, nikaliweka juu ya karatasi mpaka asubuhi. Karatasi ilikuwa kavu." Akafunga kifuniko. "Nikasema, basi, kama si birika, ni mimi."

Nilichukua muda kumwelewa. Mama yangu alidhani uzee umemfika mwilini, kwamba anajikojolea kwenye gari la binti yake bila kujua, na kwamba mimi nilijua, nikalitaja birika ili kumsitiri.

Ndiyo maana siku hizi amekuwa akikataa nimfulie nguo.

Nililia pale pale, nimeegemea boneti. Akanishika kichwa kwa mikono iliyojaa majani na kuniambia niache kumwaga maji, gari ndiyo kwanza limepona. Yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. Hilo nalo naliandika nisije nikalisahau.

Zulia litakuwa limekauka kufikia Magharibi. Birika nimelijaza mwenyewe. Kesho tunavuka daraja, na wanawake wakishamiminiwa chai nitasema kwa sauti ileile, mbele ya watu walewale, kwamba gari langu ndilo lililokuwa linavuja, na aliyeliziba kwa majani ni mimi.

Safari hii sitacheka.