Nyundo Iliyosimama Hewani

Majengo, Thika
22 Juni 2025

Mpendwa kaka Tahir,

Assalaam aleikum. Natumai mko wazima huko Winnipeg, wewe, Muna na watoto. Najua sasa mmepata jua kidogo baada ya theluji yenu. Hapa ni ile baridi ya Juni, na Mama hataki kutoka jikoni. Amelikalia jiko la makaa kama paka. Mimi mzima, na duka linakwenda.

Kabla hujasoma zaidi, jua kwamba sote tuko salama. Natanguliza hilo kwa sababu haya yalianza vibaya na kwenye simu tulikuficha. Mama hakutaka usikie nusu ya habari ukiwa mbali. Sasa yamekwisha vizuri, nami nimepumua.

Mwezi wa nne mdogo wetu Adan alipata kazi ya kuchimba kisima Gatuanyaga, kwa mfugaji mmoja wa mbuzi. Maji walikuwa wameshayafikia, wamebaki kuongeza kina. Mwenzake, Mwas, alikuwa juu akimshusha kwa kamba, na kamba ikakatika. Adan akaenda mpaka chini. Mungu ni mkubwa, maji yalikuwa ya kifuani na chini yake tope. Alivunjika kifundo cha mguu tu. Mwas na majirani walimtoa, akaletwa hospitali huku Thika akiwa na tope hadi masikioni, lakini anaongea.

Ni hayo maongezi yaliyotutia hofu. Aliniambia, "Amida, mimi sikuhisi kuanguka. Nyundo ilinitoka mkononi lakini haikwenda popote. Ilikaa hapa mbele ya pua yangu, imetulia. Ni ukuta wa kisima uliokuwa unapanda. Sikuwa na uzito wowote."

Nikamwambia apumzike. Kesho yake akayarudia vile vile, na wiki iliyofuata pia. Daktari alimpiga picha ya kichwa akasema hakuna kasoro. Adan hakubadilisha neno. Mama akaanza kumsomea Kurani akiwa amelala, na mimi nikawa nawazuia wageni mlangoni.

Lakini habari haifichiki. Ikafika Githurai 45 kwa Mzee Swaleh, baba yake Ikhlas, mchumba wa Adan. Unakumbuka nikaha ilikuwa ifungwe baada ya Idd. Mzee alipiga simu kwa upole, ila alisema hawezi kumwoza binti yake kwa kijana ambaye kichwa chake hakijatulia, tungoje. Ikhlas akawa hali vizuri. Adan naye akawa hatoki chumbani. Siku moja aliniuliza, "Kwani nimekuwa mwendawazimu?"

Aliyetutoa hapo ni mwalimu Nyawira, anayefundisha fizikia shule moja ya upili Ruiru na amepanga chumba juu ya duka letu. Alikuja kununua sukari, akamwona Adan na magongo yake, akauliza kumetokea nini. Adan akamweleza yote, nadhani kwa uchovu tu. Nyawira hakucheka. Alisema, "Lakini ndivyo inavyokuwa. Uliona sawasawa." Adan akalia pale pale mbele ya wateja.

Nikamwomba Mzee Swaleh aje asikie mwenyewe. Akaja Jumapili pamoja na Ikhlas. Nyawira alitoboa chupa ya plastiki upande wa chini kwa msumari wa moto, akaijaza maji, yakawa yanaruka kwenye matundu. Akapanda nayo kwenye roshani, akatuambia tukazie macho matundu, kisha akaiachilia. Wallahi, kaka, chupa ilipokuwa hewani maji yaliacha kutoka! Yalikatika kama mfereji uliofungwa, mpaka chupa ilipogonga chini ikatulowesha. Mzee akasema macho yake ni ya uzee, irudiwe. Ikaletwa chupa nyingine, Ikhlas akairekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole. Ni vile vile.

Ndipo Nyawira akaeleza. Njia ya kale, ile tuliyofundishwa, inasema dunia huvuta kila kitu. Kizito huvutwa zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kukisogeza, kwa hivyo mtu na nyundo yake huenda pamoja bila mmoja kumwacha mwenzake. Hesabu hiyo bado inajenga madaraja. Lakini miaka zaidi ya mia iliyopita ikaja njia nyingine ya kuelewa, inayosema hakuna kamba inayovuta. Kitu kikubwa kama dunia hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, na kitu kilichoachiliwa hufuata tu njia iliyonyooka kuliko zote hapo. Akachukua chungwa. "Sisimizi wawili wakianzia hapa kiunoni pa chungwa, mmoja mbali na mwenzake, kila mmoja akapanda moja kwa moja bila kukata kona, watakutana kwenye kikonyo. Nani amewavuta? Hakuna. Ni umbo la chungwa."

Usiniulize wakati unapindika vipi. Hapo nilibaki nyuma.

Mzee akauliza, "Na mimi niliyekaa hapa?"

"Wewe ndiye unayesukumwa, Mzee. Kiti kinakuzuia usifuate njia yako. Huo msukumo ndio unaousikia ukasema ni uzito."

Mzee akashika kiti kwa mikono miwili. Tulicheka sote, yeye wa kwanza. Kisha akamgeukia Adan: "Nisamehe, mwanangu. Wewe ulisema ulichokiona." Nikaha ni mwezi ujao, inshallah, hata kama bwana harusi atakuja na gongo.

Lakini kilichofanya niandike badala ya kukupigia ni hiki. Wageni walipoondoka, Mama hakuinuka. Unajua tangu Baba aporomoke na mawe kule machimboni akafariki, tukiwa bado shuleni, hakuna aliyethubutu kuitaja siku ile mbele yake. Sasa akamwita Adan akae karibu.

"Na baba yako? Naye alikuwa hivyo?"

"Alikuwa hivyo, Mama. Hakuna kilichokuwa kinamvuta. Alikuwa mwepesi."

"Hakuogopa?"

"Ya moyoni mwake siwezi kukuapia. Mimi sikupata hata nafasi ya kuogopa."

Mama akaanza kutusimulia jinsi Baba alivyokuwa akiimba anaponyoa ndevu, na sauti yake mbaya, na majirani waliomlalamikia. Akacheka, kaka. Mama yetu alimtaja Baba akacheka, akaendelea kuongea mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyenyanyua kikombe.

Adan na Ikhlas wanakusalimu. Shangazi Mbithe wa Mugutha anamsalimu Muna sana, na mama Awiti jirani anauliza watoto wamefika darasa gani. Mama anawaombea usiku na mchana.

Mola awalinde nyote, mtembeapo na mlalapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupungua,

Amida