Msalaba wa Mkono wa Kushoto

Mwanangu Eligio,

Huku Baní hatujambo. Mbuzi kazaa pacha, na dada yako bado anagombana na mumewe.

Juzi tulikutazama kwenye televisheni ya jirani yetu Fefa. Meksiko, Italia, sasa Taiwan: besiboli imekuzungusha dunia nzima, na kila nchi unaniambia mkono wako wa kurushia mpira ni mzima. Ulipotolewa uwanjani ukapiga ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Fefa akaangua kicheko: "Makubwa! Mwanao kasahau hata kusali!" Nikacheka naye. Ningefanyaje?

Mafuta ya kukuchua ninayo hapa, na wewe uko huko. Niambie kweli, mwanangu: mkono wa kulia haufiki tena hata kwenye paji la uso?

Mama yako anayekuombea,
Nereida