Mvua Kwenye Picha ya Shangazi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Ile picha yako kubwa, nyeusi na nyekundu, imeletwa hapa ofisini kwetu kusubiri kibali cha maonyesho. Mkuu ameiegemeza ukutani mbele ya meza yake, na tangu hapo hapokei wageni. Jana aliniita akasema mimi ndiye karani niliyesoma, nimwandikie ukurasa mmoja kueleza maana yake. Yeye anaona watu wamelala. Mimi naona rangi tu. Hajui kwamba mchoraji ni dada wa baba yangu, maana hukuweka jina, nami sikufungua mdomo. Niandike nini?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, umezeeka kabla yangu.

Hamna watu humo. Nilitandaza turubai sakafuni nikamwaga nyeusi, nyekundu ikajitafutia njia, nikavuta kwa ufagio. Unajua mkono wangu haugusi rangi, hunitoa malengelenge. Huyo mkuu wako kama anaona watu, amekuja nao mwenyewe. Andika kwamba ni mvua; mvua haimtishi mtu. Na ule vizuri, usije ukakonda ukanisingizia mimi.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, sina nafasi ya salamu ndefu.

Niliandika mvua. Mkuu alisoma, akavua miwani, akaenda kufunga mlango. Akaniuliza taratibu, "Nani alikwambia kwamba siku ile ilinyesha?"

Mimi sikutaja siku yoyote. Nikajibu kwamba nimekisia. Akacheka kidogo, akasema jambo kama lile halikisiwi, basi mchoraji alikuwepo, aliona. Ametuma watu kwa mwenye ukumbi wa maonyesho wakaulize unakoishi. Tafadhali funga nyumba uende kwa mama leo hii. Usibebe kitu.

Mwanao

22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema hujafika. Labda uko njiani, labda barua zetu zimepishana.

Asubuhi wameleta picha nyingine, wakaiweka kando ya ile ya kwanza. Ni nyeupe tupu, haijakauka, imechafua zulia. Kwenye sehemu ya chini kuna alama za vidole vitano, vimeburuzwa hadi ukingoni.

Mkuu amenipa karatasi safi niandike ninachoona. Karatasi yenyewe ndiyo hii, Shangazi, na sasa ananiita.

Mwanao